Tuwasomee watoto wetu vitabu vya picha

 

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliporejea kutoka Khaybar au Tabuk, upepo ulivuma ukafunua pazia lililokuwa mbele ya rafu ya Bi. Aisha (R.A.), na wanasesere wake wakaonekana. Mtume (S.A.W.) akamwuliza ni vitu gani vile. Bi. Aisha akajibu kuwa ni mabinti zake. Akauliza tena ni kitu gani anachokiona katikati yao. Akajibiwa kuwa ni farasi. Akauliza kilicho juu ya farasi huyo ni nini. Akajibiwa kuwa ni mbawa mbili, nazo zilikuwa za vitambaa. Mtume (S.A.W.) akastaajabu: farasi awe na mbawa mbili? Naye Bi. Aisha akamkumbusha kuwa Nabii Suleiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Hapo Mtume (S.A.W.) alicheka hadi magego yake yakaonekana.

Wanazuoni hulitaja simulizi hili wanapojadili hukumu ya picha na masanamu, nasi tutalifikia suala hilo hivi punde. Lakini tunaomba leo litazamwe kwanza kwa jicho la mzazi. Kiongozi wa umma, aliyetoka katika safari ya vita, anasimama mbele ya vitu vya kuchezea na kuuliza maswali manne. Anauliza, anangoja jibu, kisha anauliza tena kutokana na jibu lile alilopewa. Hakusema kuwa farasi hana mbawa. Alipojibiwa kwa hoja, alicheka.

Mwaka 1988 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Grover Whitehurst, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti waliowafanyia wazazi wa New York na watoto wao wa umri wa miaka miwili hivi. Wazazi hao walikuwa na mazoea ya kuwasomea watoto vitabu vya picha. Kundi moja likafundishwa kubadili namna ya kusoma: badala ya kuyafuata maneno ya kitabu mwanzo hadi mwisho, mzazi aulize hiki ni nini, huyu anafanya nini, amsikilize mtoto, ayarefushe kidogo maneno aliyoyasema, amsifu, kisha afunue ukurasa mwingine. Kundi la pili likaachwa lisome kama kawaida yake. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewapita wenzao katika uwezo wa kuzungumza. Tulipousoma utafiti huo tulilikumbuka lile pazia la Bi. Aisha (R.A.).

Sasa tuitazame hali yetu. Katika nyumba nyingi za Waislamu tunazozifahamu kuna Msahafu juu ya kabati, umefungwa kwa kitambaa kwa heshima inayoustahiki. Kuna juzuu za watoto zilizochakaa pembe, na kuna madaftari ya shule. Kitabu ambacho mtoto wa miaka mitatu anaweza kukishika, kukigeuza juu chini na kukicheka, hakipo. Matokeo yake ni kwamba mtoto hukutana na kitabu kwa mara ya kwanza akiwa amekaa mstari wa mbele, mwalimu amesimama, na fimbo ipo mezani. Tusifichane: hata katika baadhi ya madrasa zetu hali ni hiyo hiyo. Mtoto huyo atajua kusoma, inshaallah, lakini kitabu na khofu vitakuwa vimeingia moyoni mwake kwa mlango mmoja, na siku atakapomaliza mtihani wake wa mwisho atavitoa vyote viwili kwa pamoja.

Je, inajuzu kuweka ndani ya nyumba kitabu chenye picha za watu na wanyama, ilhali zipo Hadithi sahihi zinazowakemea wachoraji na zinazoeleza kuwa Malaika hawaingii katika nyumba yenye picha? Wanazuoni wametofautiana katika jambo hili, na si haki kumficha msomaji tofauti hiyo. Wapo walioona kuwa ruhusa aliyopewa Bi. Aisha (R.A.) ilifutwa baadaye. Lakini Kadhi Iyadh ameeleza, na Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki mwaka 852 Hijria) ameitaja kauli yake katika Fat-hul Bari, kwamba wanazuoni walio wengi waliruhusu vitu vya kuchezea vya watoto na kuvitoa katika katazo la jumla, kwa kuwa humzoeza mtoto mambo ya nyumba na malezi. Nasi tunaongeza kuwa riwaya tuliyoitaja inataja Khaybar, iliyokuwa mwaka wa 7 Hijria, au Tabuk, iliyokuwa mwaka wa 9. Hiyo si miaka ya mwanzo ya Uislamu. Ikiwa mwanasesere mwenye umbo na kivuli ameruhusiwa kwa ajili ya mtoto, basi picha bapa iliyomo ndani ya kitabu kinachofungwa na kuwekwa kando, isiyotundikwa wala kutukuzwa, ni jambo jepesi zaidi.

Waislamu waliotutangulia nao walikuwa na vitabu vyenye picha. Kalila wa Dimna, visa vya wanyama vilivyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, vilinakiliwa vikiwa na picha za simba, ng'ombe na kunguru. Mwaka 1237, huko Baghdad, Yahya al-Wasiti aliinakili Maqamat ya al-Hariri na kuichora kwa mkono wake, na nakala hiyo imehifadhiwa Paris hadi leo.

Pamoja na hayo, tunaiheshimu nyumba iliyoshika kauli iliyo kali zaidi. Nyumba hiyo nayo ina vitabu vyake: vya matunda, vya vyombo, vya majahazi na magari, vya nyota na milima. Tusilolikubali ni ile tabia ya mzazi kuchukua kalamu ya wino na kuyafuta macho ya kila mnyama kitabuni mbele ya mtoto. Mtoto wa miaka mitatu hajui khilafu za wanazuoni. Anachokiona ni baba yake akimtoboa paka macho. Kama hukitaki kitabu, usikinunue. Na upo mpaka mmoja ambao hatuulegezi kabisa: kitabu kinachochora sura za Mitume (A.S.) hatukiingizi ndani, hata kiwe kizuri namna gani.

Tukija kwenye vitabu vyenyewe, cha kwanza tunachokipendekeza ni Handa's Surprise, kilichoandikwa na kuchorwa na Eileen Browne na kutolewa Uingereza mwaka 1994. Kisa chake kimewekwa magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Wajaluo. Binti aitwaye Handa anamchukulia rafiki yake Akeyo kikapu cha matunda saba kichwani: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi na pasheni. Njiani anajiuliza ni tunda lipi rafiki yake atalipenda zaidi. Maneno ya kitabu hayasemi zaidi ya hayo. Lakini pichani tumbili anachukua ndizi, mbuni anachukua pera, na kila ukurasa mnyama mwingine anajichotea hadi kikapu kinabaki kitupu, naye Handa anaendelea kutembea bila ya habari. Kisha mbuzi anakata kamba yake, anaugonga mti wa machenza, na machenza yanamwagikia kikapuni. Akeyo anapokea machenza, tunda alipendalo kuliko yote, na mwenye kushangaa ni Handa.

Tazama hekima ya mpangilio huo. Mtoto anayesomewa anajua jambo ambalo Handa mwenyewe halijui. Hawezi kunyamaza, atapiga kelele kumwonya Handa, atanyoosha kidole, atataka kurudi nyuma kuhakikisha. Mzazi hahitaji kumwuliza kama ameelewa. Tutataja kasoro moja kwa uadilifu: mbuni, tembo na punda milia hawarandi hovyo katika vijiji vya Wajaluo, na mtoto wa Kisumu au Musoma anaweza kukwambia hivyo. Akikwambia, mshukuru, kwani amesoma kwa makini.

Hapa tunalazimika kueleza jambo tulilokutana nalo. Mama mmoja alitujia baada ya darsa ya wanawake, akasubiri wenzake waondoke, kisha akasema: "Sheikh, mimi sikusoma. Mwanangu mkubwa yuko darasa la pili, mdogo wake ana miaka minne. Nikishika kitabu, yule mkubwa hunicheka, ananiambia, 'Mama, umekishika juu chini.' Sasa sikishiki tena." Alisema hayo akiwa ameinamisha uso, nasi tulihisi uzito wake, kwa sababu mama huyu anahifadhi sura nyingi za Qur'ani kwa moyo, na watoto wake wamezisikia kutoka kinywani mwake tangu walipokuwa mgongoni.

Tulimjibu kuwa vipo vitabu ambavyo havina neno hata moja katika kisa chake, na profesa na yeye watavisoma sawasawa. Mfano wake ni Mirror, cha mchoraji wa Australia Jeannie Baker, kilichotoka mwaka 2010. Ndani ya jalada moja mna vitabu viwili vinavyofunuliwa kwa pamoja, kimoja kushoto na kimoja kulia. Cha kushoto kinaonyesha siku ya familia moja ya mjini Sydney, nacho hufunuliwa kama vitabu vya Kizungu. Cha kulia kinaonyesha siku hiyo hiyo katika familia ya Kiislamu ya kijijini Morocco, nacho hufunuliwa kutoka kulia, kama juzuu. Baba wa Morocco anampandisha mwanawe punda, wanakwenda sokoni kuuza zulia lililofumwa nyumbani, na wanarejea na kompyuta. Baba wa Sydney anampakia mwanawe garini, nao wananunua zulia. Mwisho wa kitabu zulia lile la Morocco limetandikwa Australia. Utangulizi wake mfupi umeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Yaliyobaki yote ni picha za vitambaa, udongo na nyuzi zilizopangwa kwa mkono. Mtoto wa madrasa atakifungua kwa upande wake wa kulia bila ya kuambiwa.

Kitabu hicho hatukuwa nacho mkononi siku ile, na bei yake si ya mfuko wa mama yule. Tulichompa ni kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, yenye picha za wanyama wa mbugani. Alikata picha zile, akazigandisha juu ya vipande vya boksi, akatoboa pembeni na kuzifunga kwa uzi wa kushonea magunia. Mchanga ambaye bado anatafuna kila kitu ndiye hasa anayehitaji kitabu cha namna hiyo. Boksi la majani ya chai, karatasi ya sabuni, picha ya samaki kutoka gazeti la jana, vyote vinafaa. Na yule kaka wa darasa la pili apewe kazi ya kuandika jina la mnyama chini ya kila picha, huku mama akiuliza na mdogo akijibu. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Tuendelee. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane tunakipenda mno kitabu cha Mtanzania mwenzetu, Tololwa Mollel, mzaliwa wa Arusha, kiitwacho My Rows and Piles of Coins. Kilitoka mwaka 1999 kikiwa na picha za rangi za maji za E. B. Lewis. Kijana Saruni anamsaidia mama yake kubeba mizigo kwenda sokoni, na kila senti anayopewa anaiweka akiba ili anunue baiskeli ya kumpunguzia mama mzigo. Anazipanga sarafu zake kwa mistari na mafungu, anazihesabu, anaamini kuwa ni tajiri, kisha anakwenda kwa muuza baiskeli na kuchekwa. Baba yake ananunua pikipiki, anamuuzia Saruni baiskeli ya zamani kwa sarafu zile zile, halafu anamrudishia fedha zake zote. Tumekisoma kitabu hiki na watoto wa rika mbalimbali, na kila mara mabishano huanza pale sokoni: kwa nini Saruni hakununua andazi? Basi mwache mtoto abishane. Mzazi akitaka kuzungumzia subira na wema kwa mama, nafasi iko wazi, lakini tunamnasihi asikimbilie mawaidha kabla baiskeli haijafika nyumbani.

Kinachokaribiana nacho ni The Day of Ahmed's Secret, cha Florence Parry Heide na Judith Heide Gilliland, kilichochorwa na Ted Lewin na kutolewa mwaka 1990. Ahmed ni mtoto wa Cairo anayepeleka mitungi ya gesi nyumba kwa nyumba kwa gari la punda. Kutwa nzima ana siri kifuani, nasi hatuijui hadi jioni anapofika nyumbani na kuwaonyesha jamaa zake kuwa ameweza kuandika jina lake kwa herufi za Kiarabu. Kila mtoto aliyewahi kushika kalamu mbele ya ustadhi anaijua furaha hiyo. Mtoto wako akiuliza kwa nini Ahmed anafanya kazi badala ya kwenda shule, usilikwepe swali hilo, maana watoto kama Ahmed wanapita mbele ya milango yetu kila asubuhi.

Kwa kuhesabu na kutaja majina ya vitu, wapo Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, na mumewe mchoraji Tom Feelings. Wamarekani Weusi hawa walitoa Moja Means One mwaka 1971 na Jambo Means Hello mwaka 1974 ili watoto wa kwao wajifunze tarakimu na maneno ya Kiswahili. Inatuchekesha na kutuhuzunisha kwamba wakati mtoto wa New York anafundishwa kusema moja, mbili, tatu, sisi tunajisifu mtoto wetu wa chekechea akisema wani, tuu, thirii. Naye Meshack Asare wa Ghana ametuachia Sosu's Call, kilichopata tuzo ya UNESCO mwaka 1999: kijana asiyeweza kutembea, ambaye watu walimtaka afichwe ndani, anakiokoa kijiji chake kwa kupiga ngoma maji yanapofurika. Nyumba yenye mtoto mlemavu, na jirani wa nyumba hiyo, wakitafute.

Vipo pia vitabu vinavyomwonyesha mtoto wa Kiislamu maisha yake mwenyewe. Golden Domes and Silver Lanterns cha Hena Khan, chenye picha za Mehrdokht Amini (2012), hufundisha rangi kwa vitu vya nyumbani mwetu: wekundu wa mswala, weupe wa kofia ya babu, hudhurungi ya tende. Lailah's Lunchbox cha Reem Faruqi (2015) kinahusu binti aliyehama kutoka Abu Dhabi kwenda Georgia, Marekani, na kuona haya kumweleza mwalimu wake kuwa amefunga Ramadhani. Hiki tunakipendekeza hasa kwa ndugu zetu walioko London, Toronto na kwingineko, ambao watoto wao hukaa peke yao wakati wa chakula cha mchana. Kwa mtoto wa Tandika au wa Lamu, ambaye darasa zima limefunga, kisa hicho hakina uzito huo.

Vitabu hivi vingi tulivyovitaja ni vya Kiingereza na ni ghali. Hilo lisimzuie mtu. Kila mwaka jamaa zetu wa Muscat na Ulaya huteremka na masanduku ya viatu, manukato na chokoleti. Tuwaombe waweke kitabu kimoja katikati ya nguo. Nacho kikifika, kisimuliwe kwa Kiswahili, au kwa Kisambaa, au kwa Kimakonde, kwa lugha ile ambayo mama humbembelezea mtoto. Kiingereza cha kubabaisha kinamnyima mtoto kisa na hakimpi lugha. Vya Kiswahili navyo vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umewawezesha waandishi na wachoraji wetu wenyewe kutoa vitabu vingi, na tangu mwaka 2014 African Storybook ya Afrika Kusini inatoa kwenye intaneti visa vyenye picha, vikiwemo vya Kiswahili, ambavyo yeyote anaweza kuvichapa bila malipo. Nakala ya karatasi nane katika duka la kurudufu haizidi bei ya soda mbili tatu.

Na akina baba wasilisukumie jambo hili kwa akina mama. Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, na alipomwona mtoto Abu Umayr amenuna, alimwuliza habari za ndege wake mdogo aliyekufa. Baina ya Magharibi na Isha, baba anayengojea adhana ana dakika ishirini ambazo hazina mwenyewe. Kitabu kimoja kinamtosha mtoto kwa mwezi mzima. Yeye ndiye atakayeomba kirudiwe, na wewe ndiwe utakayechoka kwanza.

Misikiti yenye madrasa tunaishauri iweke kasha dogo lenye kufuli na daftari la kuazimia. Vitabu ishirini vinatosha kuanzia. Mzazi aazime Alkhamisi baada ya Alasiri, arudishe wiki inayofuata. Majalada yavikwe nailoni kabla ya kutolewa, mikono ioshwe, na kitabu kikirudi kimechanika asikaripiwe mtu: ukurasa ugandishwe palepale, mtoto mwenyewe akishika upande mmoja.